Mdudu wa Kushoto

Mwalimu wetu wa bailojia alikuwa na tabia moja: akisikia kitu kipya kimefika mjini, alitaka sisi ndio tukakijaribu. Intaneti ilipofika Songea, katika chumba kimoja cha mtaa wa Majengo nyuma ya studio ya kupiga picha, alitupa kazi kabla yeye mwenyewe hajaingia mle hata siku moja. Kila dawati lichague kiumbe anayeishi nasi nyumbani, likamtafute kwenye intaneti, lilete jambo ambalo darasa zima halilijui. Tulikuwa kidato cha pili. Wengine walichagua popo, wengine kinyonga, na wapo waliochagua twiga, ingawa sikumjua mwanafunzi yeyote aliyekuwa akiishi na twiga. Mimi na mwenzangu wa dawati tulichagua dumuzi.

Aliyemchagua ni mimi, kwa sababu ya bibi. Bibi yangu mzaa mama aliishi kijijini Mpitimbi, na chakula chake chote cha mwaka kilikuwa magunia matano ya mahindi katika chumba cha nyuma. Dumuzi ni mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, na anatoboa mahindi makavu mpaka yanabaki unga na maganda. Tangu utoto wangu nilisikia akitajwa kwa hasira, kama jirani mwizi, lakini sikuwahi kumtazama vizuri. Tukiona vumbi jeupe chini ya gunia, tulijua yumo.

Tulikaa wawili kwenye kiti kimoja mbele ya kompyuta, tukaandika neno dumuzi. Ikatuletea mungu wa kale wa huko Iraki, mwenye ndevu ndefu, aliyekuwa akichunga kondoo. Mwenzangu, mtoto wa katekista, aliondoa mkono wake kwenye kipanya kana kwamba kimemuunguza. Dada aliyekuwa akisimamia chumba kile alicheka, akatuuliza huyo mdudu wetu anafanya nini hasa, kisha akatuandikia kwa Kiingereza. Safari hii wakaja wadudu.

Ukurasa ulifunguka taratibu mno. Picha zilishuka mstari kwa mstari, na kila mstari ulikula dakika za nusu saa yetu. Maandishi yalikuwa Kiingereza kitupu, tukaelewa kama nusu. Tulielewa kwamba dumuzi si wa kwetu, alivuka bahari kutoka Amerika. Hilo lilinichanganya, maana nilidhani alizaliwa humo humo kwenye gunia la bibi. Tulielewa pia kwamba huko alikotoka yuko mdudu mwingine anayemfuata dumuzi ndani ya matundu ya mahindi na kula watoto wake, na kwamba wataalamu walikuwa wameanza kumleta Afrika. Huyo tukampa jina la mdudu rafiki. Chini ya habari hiyo zilikuwepo picha mbili, mdudu mmoja kushoto na mwingine kulia.

Hela yetu ilitosha kuchapa ukurasa mmoja. Printa ililia, ikatoa karatasi, na muda wetu ukaisha hapo hapo. Tulipofika nje ndipo tulipoona kwamba picha zimekuja lakini maelezo ya chini ya picha hayakuja. Yalikuwa yamebaki juu ya ukurasa wa pili, ndani ya kompyuta, na kwenye kiti chetu alishakaa mtu mwingine.

"Rafiki ni yule wa kulia," mwenzangu alisema.

"Uliyaona maelezo?"

"Niliyaona kidogo. Nadhani ni wa kulia."

Mimi nilisema ni wa kushoto. Sikuwa nimeona maelezo yoyote, lakini nilikuwa na macho. Wa kulia alikuwa mweusi, anang'aa, meno yametokeza mbele. Wa kushoto alikuwa wa kahawia, mrefu mrefu, kichwa amekiinamisha chini kama mtu aliyepiga magoti kanisani. Mtu mwenye akili angeniambia nini? Mwenye meno ndiye mharibifu, aliyeinama ndiye mwema. Mwenzangu alikuwa mpole na mimi nilikuwa na sauti, kwa hiyo nikachukua kalamu na kuandika chini ya wa kushoto: RAFIKI.

Mwalimu alitupa kumi na tisa juu ya ishirini. Alisoma karatasi yetu mbele ya darasa, akasema hivi ndivyo elimu inavyotakiwa kurudi nyumbani. Nilikaa wiki nzima nikiwa na kichwa kikubwa.

Likizo ya mwezi wa sita nikapanda pikapu kwenda Mpitimbi, karatasi ikiwa ndani ya daftari. Bibi alikuwa amemaliza kupukuchua, mahindi yamemwagwa kwenye turubai uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume wangu?"

Babu alikuwa amefariki siku nyingi, lakini utani huo haukuwahi kufa. Pembeni ya turubai niliona kifuko cha dawa ya mahindi. Bibi alikiangalia kwa kinyongo. Zamani dawa ililetwa na chama cha ushirika, ikiwa na maandishi na mtu wa kukueleza. Siku hizo kila mwenye meza sokoni alikuwa akiuza dawa, na bibi alisema mwaka uliopita aliyouziwa ilimkohoza yeye, dumuzi wakaendelea kula.

Nikatoa karatasi yangu. Nikamweleza habari za Amerika na za mdudu rafiki. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kama anavyosikiliza mahubiri. Tulichambua mahindi yaliyobaki ya mwaka jana, tukawapata wadudu, na karibu wote walikuwa wa kahawia, warefu warefu, wameinamisha vichwa. Nilifurahi sana.

"Hawa ndio rafiki, bibi. Tayari unao wengi. Dawa itawaua bure."

"Lakini huyu mimi namkuta ndani ya tundu," alisema. "Ndani kabisa, na unga wake."

"Amemfuata adui humo. Imeandikwa."

Na kweli iliandikwa hivyo. Bibi aliichukua karatasi, akaigeuza, akaitazama upande wa nyuma ambako hakukuwa na kitu, akanirudishia. Jioni ile akampelekea jirani yake kifuko cha dawa, akajaza magunia yake matano bila kutia chochote.

Nilirudi Desemba. Mama mdogo niliyekuwa naishi naye Majengo alinipa sukari na sabuni za kumpelekea. Nilimkuta bibi amekaa juani, ungo mapajani, macho ameyasogeza karibu kabisa na mahindi. Aliokota kitu, akakibinya kwa ukucha. Akaokota kingine, akakirudisha taratibu ndani ya gunia lililokuwa pembeni yake.

Nilimuuliza anafanya nini.

"Nachambua. Yule mweusi namuua. Rafiki namrudisha ndani akafanye kazi."

Alikuwa akifanya hivyo tangu nilipoondoka, kila siku akitoka shamba, kwa macho yale yasiyoona hata tundu la sindano. Niliingia chumba cha nyuma. Magunia mawili yalikuwa yamelegea kama nguo iliyovuliwa. Nilipotia mkono ndani ya la tatu, uliingia mpaka kiwiko na kutoka mweupe. Chakula cha mchana tulikula ugali wa muhogo, na bibi hakueleza kwa nini. Mavuno yalikuwa bado miezi mitano.

Nilijiambia labda rafiki bado hawajatosha. Kisha nikajiambia labda nimekosea. Nikaenda kwa jirani aliyepewa dawa, nikitumaini sijui nini hasa, na nikakuta mahindi yake nayo yameliwa, ingawa si kama yetu. Nilirudi nimechanganyikiwa zaidi. Kama dawa ilikuwa ya uongo, basi karatasi yangu haikudhuru kitu. Kama ilikuwa ya kweli lakini hafifu, basi nilikuwa nimekula nusu ya chakula cha bibi yangu kwa kalamu. Sikujua nijilaumu kiasi gani, na mpaka leo, nikiwa na watoto wa dada zangu wanaoniuliza maswali kutoka kwenye simu, sijapata kipimo chake.

Shule ilipofunguliwa Januari, nilimwomba mwenzangu tuende tena kile chumba cha Majengo. Umeme ulikatika mara mbili kabla hatujaupata ule ukurasa. Safari hii sikusoma habari. Niliteremka moja kwa moja mpaka chini ya picha. Kushoto: dumuzi. Kulia: anayemla dumuzi. Meno yale yalikuwa ya kumlia mwizi. Mwenzangu alisoma, akaanza kuhesabu hela ya kuchapa. Nilimkasirikia, maana kama angesema nilikuambia, ningepata mtu wa kugombana naye. Tulichapa ukurasa wa pili.

Jumamosi nikaenda Mpitimbi na kurasa zote mbili. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilimkuta bibi anamenya mihogo jikoni. Nikamsalimu, nikakaa chini, nikasema yote kwa pamoja: kwamba yule wa kahawia ndiye dumuzi mwenyewe, kwamba maelezo yalibaki kwenye kompyuta, kwamba mwenzangu alisema kulia na mimi nikasema kushoto. Nililia. Bibi aliendelea kumenya mpaka mhogo ukaisha.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa tisa. Nilichukua hao warefu wawili, nikawatia kwenye kikombe na punje tano nzima. Nikafunika. Wiki ya pili nikafunua, chini kuna unga. Mle ndani hamkuwa na mwingine wa kumsingizia."

Nilimtazama nisielewe. Nikamuuliza, kama alijua tangu mwezi wa tisa, mbona Desemba nilimkuta akiwarudisha ndani ya gunia kwa mkono wake.

"Nikasema labda ni hawa wawili tu wenye tabia mbaya," alisema. "Nikawatia wengine, wakafanya vile vile. Nikasema basi labda ni kikombe. Wewe ulikuwa na karatasi, mke mwenzangu. Mimi nilikuwa na kikombe."

Hakusema kwa uchungu. Ningefurahi kama angesema kwa uchungu. Alinawa mikono, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na ungo wenye mahindi kidogo, akauweka kati yetu. Wadudu walikuwa wakitambaa katika unga wao: warefu wa kahawia, weusi, na wengine wenye mdomo kama sindano ambao hawakuwemo kwenye ukurasa wowote kati ya kurasa zangu mbili.

"Haya," alisema. "Nionyeshe upya. Nani tumuue, nani tumwache?"

Nilizikunja karatasi, nikazitia kwenye daftari. Nikamwambia sijui. Nikamwomba anionyeshe yeye, kama alivyowaona kwenye kikombe.

Bibi alinitazama, akijaribu kuona kama namtania. Kisha akaniuliza kama na hilo, la yeye kunionyesha mimi, nalo limeandikwa kwenye karatasi.