Mawe ya Nzilani

Sikumpenda Nzilani wa Nzuki alipokuwa hai, na sitajifanya nilimpenda eti kwa sababu sasa amezikwa. Alikuwa na mdomo mkali, hakuwa na salamu, na ukimwomba chumvi alikuuliza ya kwako uliipeleka wapi. Lakini watoto wangu wamenitaka niwaeleze kwa nini barabara ya kwetu, huku juu ya Kikima, imekatika pale korongoni, na siwezi kueleza hilo bila kumtaja yeye.

Barabara hiyo tuliichimba sisi wanawake. Kabla yake mahindi na mbaazi zilishuka sokoni kwa punda, kwa njia nyembamba ya mawe, na asiye na punda alibeba mgongoni, ukanda wa mukwa ukimkata kwenye paji la uso. Ndipo Mbuvi, mnunuzi wa nafaka aliyekuwa na lori, akatuambia, "Nyinyi leteni barabara, mimi nitaleta bei." Tukamwamini. Tukaunda mwethya wetu wa kufanya kazi pamoja, tukamchagua Nzilani awe kiongozi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuchelewa akijua ni yeye anayesubiri. Mwaka mzima na zaidi tulipiga jembe na kuvunja miamba. Pale korongoni tulijaza mawe kwa mikono mpaka gari likaweza kupita juu. Jiwe moja lilimwangukia Nzilani likamkata vidole viwili vya mguu. Alifunga mguu kwa kitambaa cha kichwa, akatutukana kwa kusimama kumtazama.

Lori la kwanza lilipofika tulipiga vigelegele. Mbuvi alilipa vizuri msimu huo, sisemi uongo. Akanunua na punda pia, wote kumi na mmoja, kwa bei ambayo hatukuwahi kuisikia. "Punda ni wa nini tena, mama? Lori inakuja mpaka mlangoni." Tukacheka naye. Akawapeleka Kasikeu, huko akawauza.

Msimu uliofuata bei ikaanguka hadi nusu. Kule sokoni Kikima kulikuwa na wanunuzi wanne, na zamani ukiudhiwa na mmoja ulimgeuza punda wako ukaenda kwa mwingine. Sasa tungeenda na nini? Mbuvi aliketi ndani ya lori, mlango wazi, akasema, "Kama hamtaki, shusheni wenyewe." Tukampa, gunia baada ya gunia, tumenuna kama watu walio matangani. Nzilani peke yake alirudisha magunia yake nyumbani. Alituita mbuzi. Kisha akasema hapana, mbuzi angalau hulia akifungwa kamba.

Jumapili moja ya Novemba 1982, sisi tukiwa kanisani, alichukua mtaimbo akashuka korongoni. Tulipotoka ibadani tulikuta ameng'oa safu nzima ya mawe upande wa chini na kuyaviringisha bondeni. Wiki hiyohiyo mvua kubwa ikanyesha, maji yakapata mlango, yakabeba kila tulichokijaza. Kazi ya mwaka mzima ikaenda mtoni.

Chifu akamwita barazani. Mimi nilikaa mbele kabisa. Shamba langu lilikuwa limestawi ajabu mwaka huo, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshauza mahindi na kuezeka nyumba yangu mabati.

"Mama, kwa nini umeharibu barabara ya watu?" chifu akauliza.

"Sijaharibu ya watu. Nimetoa mawe yangu tu. Yale nilibeba mimi."

"Na umejuaje ni yako?"

Nzilani akainua ule mguu mbele ya wazee wote. "Moja liko na vidole vyangu."

Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Chifu alimwamuru arudishe mawe kabla ya Krismasi, naye akamwambia amfunge sasa hivi asipoteze wakati. Hakumfunga. Kanisani, Pasta Jonah alimtenga na Meza ya Bwana, na si kwa ajili ya barabara, bali kwa kufanya kazi siku ya Jumapili.

Tulijaribu kujaza korongo wenyewe. Siku ya kwanza tulifika kumi na wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake aanze. Siku ya pili tulifika wanne. Bila ule mdomo wa Nzilani hakuna aliyeinua jiwe. Mbuvi aliahidi trekta, akaleta maneno.

Basi tukavuna, na mavuno yakawa mengi, na hapakuwa na pa kuyapeleka. Mimi nilikuwa na magunia tisa ya mahindi. Nilishusha kidogo kidogo kwa mukwa mpaka mgongo ukakataa. Yaliyobaki niliyachanganya na jivu ili yasiliwe na fukusi, nikimlaani Nzilani kwa kila konzi. Siku moja nilisimama mpakani mwa shamba langu na lake nikamwambia, "Nzilani, mabati yangu yanaliwa na wadudu kwa sababu yako."

"Basi lala chini ya nyasi, Muthoki. Mimi nalala na sijafa."

Jioni yake niliwafungulia mbuzi wangu wakaingia katika kunde zake. Nimelisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wakati ule nilifurahi.

Mwishoni mwa mwaka 1983 mvua ikatupa mgongo. Mwaka wa 1984 ikatunyima kabisa. Njaa hiyo sisi Wakamba tuliiita Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nimezishika, kwa maana pesa mtu alikuwa nazo mkononi na chakula cha kununua hakikuwepo. Huko chini, ambako malori yalikuwa yakifika, ghala zilikuwa zimefagiliwa zamani. Kwetu yalikuwepo yale mahindi ya jivu, yenye matundu, machungu kidogo. Tulikula hayo.

Mbuvi alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Nafaka yake yote ilikuwa imeshaenda Nairobi, na watoto wake walikuwa na njaa kama wa mtu yeyote. Nyumba tatu zilimfukuza. Nzilani akamuuzia gunia moja. Mbuvi akalitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nisaidie hata punda nishushe nayo."

"Punda tulikuuzia," Nzilani akamjibu, akamtupia mukwa.

Akaliweka gunia mgongoni na ukanda kwenye paji la uso, kama mwanamke, akateremka kwa ile njia ya mawe. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Mimi pia nilitoka, na sikumhurumia hata kidogo.

Jumapili iliyofuata Pasta Jonah alimrudisha Nzilani kundini. Alihubiri habari za Yusufu na ghala za Misri, akasema Bwana humfunulia mnyonge mambo yajayo, kisha akamwita mbele atoe ushuhuda. Nzilani alichechemea hadi mbele, akatuangalia mmoja mmoja.

"Mimi sikufunuliwa kitu," akasema. "Nilitoa mawe kwa sababu nilimchukia Mbuvi, na nyinyi niliwachukia zaidi kwa kumbembeleza. Mvua ingenyesha, mahindi yenu yangeozea ndani na mimi ningecheka. Msinipake mafuta." Akarudi kuketi.

Pasta akaanzisha wimbo, na tukauimba vibaya. Nilikwenda nyumbani bila kumsalimu. Nikaosha jivu kwenye mahindi, mara mbili, nikayabandika na maharagwe machache, na watoto wangu watatu wakala wakashiba chini ya paa la nyasi.