Sahani Mbili za Behewa la Chakula

Mwezi uliopita nilipanda treni ya kwenda Mombasa na binti yangu. Mhudumu alipopita na kigari chake cha vyakula tulinunua wali na kuku, kila mmoja kiboksi chake na uma wake wa plastiki. Wali ulikuwa umepoa, kuku amekauka, na mimi, bila hata kufikiri, nikamimina wangu juu ya wake ili tule pamoja. Binti yangu akatazama huku na huku. "Mama, watu wanatuangalia," akaninong'oneza. Ana miaka kumi tu, na hakujua amegusa kidonda gani.

Basi sogea karibu nikusimulie, maana jambo hili sijamwambia hata mume wangu.

Nimelelewa Garissa na ayeeyo. Ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya. Alikuwa muuza mbuzi, tena wa kutajika. Wachinjaji kutoka bara walikuja kubishana naye sokoni tangu asubuhi hadi jua likachoka, na mara nyingi waliondoka wakitikisa vichwa. Nyumbani kazi yangu ilikuwa kuwamwagia watu maji ya kunawa kwa birika, kisha sinia linatuliwa kwenye mkeka. Wali uliopikwa kwa supu ya mbuzi, hiliki ikinukia hadi kwa majirani, na ndizi mbivu kando, kwa sababu sisi wali bila ndizi tunauona kama haujakamilika. Tulikula sote kwenye sinia moja. Aliyepewa sahani yake peke yake alikuwa ama mgonjwa ama mtu baki. "Baraka hukaa katikati ya sinia," ayeeyo alizoea kusema, huku kidole chake kikisukuma kipande kinono hadi upande wangu, akidhani binamu zangu hawaoni. Waliona, na walininunia kila siku.

Mwaka mmoja, nikiwa bado shule ya msingi, mjomba wangu wa Mombasa alipata mtoto, akatutumia tikiti za treni mimi na ayeeyo, za daraja la pili, chakula humo humo. Shule nzima ikajua. Mwalimu wetu, ambaye aliwahi kupanda treni hiyo mara moja na hakuacha kuisimulia, alinibakiza darasani akanifundisha kushika kisu na uma kwa kutumia rula na penseli. Kwa wiki nzima nilikata daftari langu la hesabu kana kwamba ni nyama. Nilikuwa wa kwanza wa darasa kwa Kiswahili, kwa hiyo ilikubaliwa kwamba mimi ndiye nitakayekuwa mdomo wa ayeeyo njiani. Jambo hilo lilinivimbisha kichwa. Ayeeyo naye alifungasha zawadi na kopo la nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa, ikazamishwa kwenye samli. Nilimsihi aliache, kwenye treni kuna chakula. Akasema msafiri asiye na cha kumkaribisha mwenzake ni ombaomba.

Tulifika Nairobi kwa basi, na treni ikaondoka jioni. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri mhudumu alipopita kwenye korido akigonga kengele ndogo, ting ting ting, na watu wakatoka kuelekea behewa la chakula. Rafiki yangu, nikuambieje? Vitambaa vyeupe mezani. Uma mzito kama nyundo. Mhudumu mwenye koti jeupe alimimina supu huku treni ikiyumba na hakumwaga tone. Supu ile ya mboga ilikuwa na pilipili manga na siagi, na mkate wake ulikuwa wa moto. Mpaka leo sijala hotelini kitu kilichonishangaza vile. Ayeeyo alionja, akanong'ona kwamba supu hii mbuzi hata hakupita karibu na sufuria.

Meza yetu ilikuwa ya watu wanne. Mbele yetu aliketi mama mmoja mwenye miwani, na binti yake wa rika langu, viatu vyeusi vinavyong'aa, mgongo umenyooka. Yule msichana alishika uma sawasawa kama mwalimu wangu alivyosema. Tukatazamana. Nilitaka anipende, na huo ndio mwanzo wa balaa.

Kuku na wali vilipoletwa, ayeeyo aliniambia niulize nani kachinja. Nikauliza kwa sauti ndogo. Mhudumu akamwita mpishi, mzee wa Pwani mwenye kofia ya Kiislamu ya kiua, akasimama mlangoni akatoa salamu na kusema, "Nimechinja mwenyewe, mama. Kula kwa amani." Uso wa ayeeyo ukafunguka. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha: Mwislamu kapika, tumesalimiwa, basi hapa ni nyumbani kwa watu na sisi ni wageni wao. Akachukua sahani yangu, akaipindua juu ya yake. Akafungua kopo, akamwaga nyirinyiri. Akatoa ndizi mfukoni, akaimenya, akaikatia juu. Kisha akaisukuma sahani ile hadi katikati ya kitambaa cheupe, akakunja mkono wa nguo yake.

"Karibu, mama," akamwambia yule mwenye miwani. "Kula. Chakula iko mingi. Sisi nakula bamoja."

Samli ilikuwa imechirizika mezani. Yule msichana alifunika mdomo akacheka, na watu wa meza ya pili wakageuka kututazama. Mama yake hakucheka. Alitabasamu, akashukuru, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Huyu ni nyanya yako?"

Nikasema, "Hapana. Ni jirani yetu. Namsaidia tu njiani."

Nilisema kwa Kiswahili kizuri, kile cha mtu wa kwanza darasani. Nilijiambia ayeeyo hajui Kiswahili zaidi ya bei za mbuzi. Lakini mkono wake ulisimama juu ya sahani. Akachukua kijiko, akavuta sahani yangu tupu, akanirudishia wali wangu na kuku wangu polepole, na vipande vyote vya nyirinyiri akavisukumia upande wangu. Akala kilichobaki akitazama dirishani. Nilikula kwa kisu na uma. Sikumbuki ladha yake.

Sikupata usingizi kwa kujiuliza kama alielewa. Jibu lilikuja asubuhi, stesheni ya Mombasa. Yule mama mwenye miwani alikuja kutuaga, akampa ayeeyo mkono. Neno moja tu lingetosha kunianika mbele ya yule msichana. Ayeeyo akaniwekea mkono begani.

"Haya, mama, safari njema," akasema. "Huyu mtoto ya jirani yangu nalinda vizuri. Mtoto mzuri sana."

Alielewa kila neno, na akaubeba uongo wangu ili nisiaibike. Wangalinichapa mbele ya umati wote ule, ningaliona nafuu. Mchana huo kwa mjomba sinia lilipowekwa sikuthubutu kukaa karibu naye, lakini kidole chake kilikuja vilevile, kikisukuma kipande kinono hadi upande wangu.

Hakulitaja kamwe. Nami sikuomba radhi. Kila Idi, watu wanapoombana msamaha, nilimwambia "nisamehe" ile ya jumla, ambayo mtu humwambia hata muuza maziwa, naye akajibu kwamba ameshanisamehe, akanibusu mkono. Nilijiambia mwakani nitamtajia kosa lenyewe. Alifariki nikiwa shule ya bweni, na nimebaki nalo.

Behewa lile halipo tena, wala kengele, wala mpishi wa kuitwa mlangoni uulize nani kachinja. Hata kwetu Garissa sinia langu liko juu ya kabati. Tunakula kila mtu na sahani yake, na simu yake. Siwezi kumlaumu mtu. Mimi ndiye niliyeanza kuzitenganisha sahani.

Ndiyo maana binti yangu aliponinong'oneza sikumkemea. Nilichukua uma wa plastiki, nikajirudishia wali wangu, kuku wote nikamwachia yeye. Akageukia dirishani. Bwana mmoja aliyeketi mbele yetu akatabasamu, akamwinamia, akamuuliza, "Huyu ni mama yako?"

"Ndiyo," nilijibu mimi, haraka, kabla binti yangu hajafungua mdomo. Niliogopa kusikia atakachosema.