Valvu Iliyovuta Pumzi

Watu wa Gatwekera, mtaa wetu kule Kibera, walisema sitaweza. Shemeji yangu, tena mbele ya wageni, alisema diploma yangu ya mitambo itafaa kufungia mandazi. Wengine wakasema mtu aliyerudi kutoka Qatar hawezi kukaa juani akishika matairi ya watu. Nami nikafungua karakana ya baiskeli huko Gatina, Kawangware, kwa jasho langu, bila mjomba wala mbunge. Nayasema haya ili ujue mimi si mtu wa kuota mchana. Nimesoma. Nikikuambia jambo lilitokea, lilitokea.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Nekesa, mwenye tanuri la mikate. Baiskeli zake ndizo hupeleka mikate madukani kabla watu hawajanywa chai, na alikuwa amenipa zote nizitunze kwa majaribio. Shida ikawa valvu. Nilinunua boksi zima la valvu mpya zinazong'aa, kumbe vile vipira vya ndani, vinavyozuia upepo usirudi nje, vilikuwa vibovu. Unajaza tairi jioni, asubuhi limelala kama chapati. Wapanda baiskeli wake wakashinda wakizisukuma, na mikate ikafika madukani wakati watu wameshakula mihogo. Mama Nekesa akaja mwenyewe. Hakupiga kelele.

"Injinia, kesho nikiona hata moja inasukumwa, nazirudisha zote kwa yule fundi wa zamani."

Unaelewa maana yake? Kumpoteza yeye ni kufunga duka, na shemeji apate hadithi ya kusimulia nyumbani Krismasi.

Basi jioni hiyo nilikuwa nimeinama kati ya baiskeli zake. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maghorofa na stima ilikuwa imepotea kama kawaida. Jirani yangu Brayo, kinyozi, alikaa nje na mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa, wote wawili wakingoja stima irudi.

Ndipo akaja mzee akisukuma baiskeli nyeusi ya kizamani. Alivaa tarbushi nyekundu yenye kishada, kama zile unazoziona katika picha za mababu kwenye nyumba za Wanubi kule Kibera, wale ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza, na miguu yake ilizungushiwa vitambaa vya kijeshi hadi magotini. Nikadhani anatoka harusini. Akanisalimu, "Salaam aleikum, mwanangu," kisha akanieleza kwamba tairi la mbele halitulii.

Kila fundi anajua kazi hii inavyoanza. Unalowesha kidole kwa mate, unapaka kwenye mdomo wa valvu, unatazama. Povu likifura, valvu inavuja. Nikapaka. Niamini, povu halikufura. Liliingia ndani. Kisha likatoka. Likaingia tena, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala. Nikainua macho, na kifua cha mzee kilikuwa kikipanda na kushuka pamoja nalo.

Mtu asiye na diploma angekimbia. Mimi nilifanya lile ambalo mikono ya fundi hufanya bila kuuliza: niliifungua valvu. Upepo ukatoka wote, fyuuu, na mzee akapungua. Sikudanganyi. Mashavu yalibonyea, mabega yakashuka, koti likaning'inia kama limeanikwa kwenye kamba. Tarbushi ikamfunika mpaka puani.

"Rudisha," akasema kwa sauti nyembamba. "Rudisha, mwanangu."

Nikarudisha valvu, nikapiga pampu kama mwendawazimu. Mzee akarudi: mabega, halafu shingo, halafu mashavu, mpaka yakafura kama ya mpiga tarumbeta.

"Basi, basi. Utanipasua."

Tukacheka wote wawili. Wewe ungefanyaje?

Lakini valvu yake ilikuwa imechoka, na alianza kupungua tena mbele ya macho yangu. Ningemfungia ipi? Boksi langu lote lilikuwa takataka. Valvu nzima pekee ilikuwa ya baiskeli yangu mwenyewe, ile ya kunirudisha nyumbani. Nikaitoa, nikamfungia. Akavuta pumzi ndefu, akatulia. Nikamwambia hakuna malipo, kwa sababu sikutaka kujua mfukoni mwake mna pesa za mfalme gani.

Akazitazama zile baiskeli za mikate. Akaziendea moja moja, akainama, akaweka midomo kwenye kila valvu na kupuliza polepole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Kisha akapanda yake na kushika barabara ya kwenda Kibera. Mnyororo haukulia, na matope hayakushika alama.

"Injinia," Brayo akaniita, "siku hizi unachekeshana na pampu?"

Nusu-kichwa naye akasema nimeongea peke yangu muda wote. Nikafunga, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Asubuhi hakuna baiskeli iliyosukumwa. Mikate ilifika ikiwa moto. Mama Nekesa hakusema asante. Alikuja na mkokoteni wa maziwa wa dada yake, akasema nao niutunze. Mpaka leo pampu haijagusa matairi yale, na wapanda baiskeli wanasema mlima hawausikii tena. Ila zikirudi jioni hulala kwangu, na mimi ndiye ninayefunga karakana. Mtaa ukitulia kidogo nazisikia zikivuta pumzi pamoja ukutani. Ile ya karibu na mlango hukoroma.

Kwa hiyo wewe fundi, au wewe mwenye pampu nyumbani, nisikilize. Akija mgeni jioni na tairi lisilotulia, usikimbilie kufungua valvu. Paka mate, utazame povu linaelekea wapi. Likiingia ndani, mletee mwenye baiskeli kiti kwanza. Akianza kupungua, angalau awe na mahali pa kuangukia.