Jina la Msichana wa Pili

Miaka ile ya vita kazi yangu ilikuwa kuomba. Parokia yetu ya Butembo ilikuwa na kituo kidogo cha watoto walemavu, vyumba viwili na seremala mmoja wa magongo. Mimi nilikuwa mtu wa nje: kutafuta watoto majumbani, kubembeleza wazazi, kisha kwenda kwa kila mwenye muhuri kuomba karatasi ya kuwapitisha njiani. Wenye muhuri walibadilika kila bunduki zilipobadilisha mikono. Ukishamzoea mmoja, unamkuta mwingine kitini, unaanza upya kueleza kwamba mtoto asiyetembea si mpelelezi. Ulimi wangu ulichoka kabla ya miguu.

Siku moja tulisikia kuna daktari wa mifupa anakuja Butembo kwa majuma mawili. Nikatumwa Beni kuandika watoto. Nilipanda juu ya magunia ya maharagwe, nikashuka nimekuwa rangi ya barabara, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba katika mtaa walikofikia wakimbizi.

Katika nyumba mojawapo nilimkuta mwanamke aliyekimbia kutoka pande za Mabalako. Alikuwa mlangoni, anamenya mihogo. Nikamuuliza ana watoto wangapi. Akasema ana wasichana tu, akayataja majina yao matatu bila kusimamisha kisu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu Wanande jina la mtoto husema amezaliwa wa ngapi. Msichana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na ni hivyo nyumba baada ya nyumba. Mama yule alitaja jina la kwanza, la tatu na la nne. La pili halikuwemo.

Nilisikia. Hakuna mtu wa kwetu asiyesikia jambo kama hilo. Lakini pengo la namna ile kwa kawaida ni kaburi, na nani anataka kumtonesha mama kidonda kwa ajili ya orodha? Tena mimi mwenyewe nina jina la msichana wa tatu. Nyumbani kwetu nilikua na dada mmoja tu, wa kwanza. Jina la pili halikutajwa kamwe, na tulijua kutouliza kabla hatujajua kusema asante. Basi nikaandika: watatu, wote wanatembea. Nikaaga.

Daktari alikuja, akaifunga plasta miguu ya wale tuliompelekea, akaondoka. Tulifurahi mno, tukaimba hata misa ya shukrani.

Karibu mwaka mzima baadaye nilikuwa Beni tena, mvua ikanikuta karibu na nyumba ile. Mama akanikaribisha shingo upande. Wasichana wake watatu walikuwa wamekaa ukutani wananitazama. Nikapiga chafya kubwa, na nyuma ya pazia mtu akacheka.

Nilivuta pazia bila ruhusa, hilo nalikiri. Msichana wa kama miaka minane alikuwa ameketi juu ya gunia, bado anacheka, nyayo zake zimepinda kwa ndani mpaka zinatazamana. Ni miguu ileile hasa ambayo daktari alikuja kwa ajili yake.

Hasira zilinipanda. Nilimwambia mama yule maneno mengi, kati ya hayo kwamba amemfungia mtoto kama kuku mgonjwa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila kuinua sauti:

“Weye ulisikia. Nilitaja wa kwanza, nikaruka. Mutu wa mbali hangejua, lakini weye uko mutoto wa hapa. Miye nilikuwa nasikia haya ya kusema. Niliachaka nafasi juu ya weye uulize, na weye hapana kuuliza.”



Mvua ilikawia kukatika, akanisimulia mengine. Walipokimbia alimbeba mtoto yule mgongoni siku mbili, akaacha jembe, mbegu na sufuria. Watu njiani walimshauri amwache, na waliomshauri hawakuwa watu wabaya, walikuwa wamechoka tu. Walipofika Beni, wenye nyumba wawili walimkatalia chumba walipoona miguu ile, wakisema inaleta balaa. Kwa mwenye nyumba wa tatu alimwingiza mtoto amefunikwa kitenge, na tangu hapo hakumtaja. Mama huyu ndiye niliyekuwa nimemfananisha na mfuga kuku.

Nikarudi kwenye kazi yangu ya kuomba. Siku tatu tulishinda kwenye bureau, ofisi ya karatasi za njia, mimi na mama yule, binti yake mgongoni. Afisa alikuwa mtu wa jimbo jingine, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimuuliza mama majina ya watoto. Mama akayataja, la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kwa sauti ya kusikika hadi uani. Afisa akaandika na kugonga muhuri. Kwake yalikuwa majina manne tu. Mimi nilitazama ukuta ili nisilie mbele ya serikali.

Butembo tulifika, lakini daktari hakurudi tena. Muuguzi wa parokia aliishika miguu ile, akaigeuza huku na huku, akasema mifupa imeshaanza kukaza na plasta peke yake haitaweza. Seremala alichonga magongo mawili, akashona viatu vipana vya mpira wa gurudumu. Msichana alijifunza kutembea kwa ubavu wa nyayo. Alianza shule, akachelewa kila siku, akawagombeza waliomtangulia. Nilimpenda kwa ajili hiyo. Lakini kama ningeuliza siku ile ya mihogo, pengine angekuwa anatembea kama dada zake. Kosa hilo ni langu, simgawii mtu.

Tangu hapo nauliza. Nikisikia pengo katika majina, nasema: “Na wa pili?” Mara nyingi ni kaburi kweli, na mama analia, nami nakaa naye mpaka amalize, lori linaniacha. Mara chache ni pazia. Nimechoka kuliza watu, lakini nauliza.

Nyumba moja ilinishinda. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa mama yangu kumsaidia kuchambua maharagwe, na miaka yote ile tuliongea habari za watoto wa watu. Alinisikiliza sana, kuliko mtu yeyote. Tulimzika vita vilipotulia kidogo, na sikuwa nimemuuliza habari za wa pili wetu.