Zilipokuwa Kafa Ulaya

Binti yangu alilivua gauni langu nyuma ya choo cha kanisa, asubuhi ya kipaimara chake. Nililishona kwa mkono wangu wiki mbili, jeupe, lenye marinda. Alilikunjakunja akalisokomeza kwenye mfuko wa rambo, akatoka amevaa la mtumba, lenye lesi hadi shingoni. Nikamkamata mkono.

"Mama, niache! Wenzangu watanicheka nimevaa la kushona."

La kushona! Mimi, fundi cherehani tangu usichana wangu, nasikia kushona kumekuwa tusi.

Zamani hapa Kimandolu nguo zile tuliziita kafa ulaya. Tuliamini Mzungu amekufa huko kwao, ndugu zake wamefungasha nguo zake, ndizo hizi. Mama yangu akipewa moja aliiloweka kwenye maji ya moto na chumvi, akaianika siku mbili uani, akiiambia, "Mwenye nguo, pumzika. Mwili huu si wako." Na baada ya hayo yote aliivaa shambani tu, kwenye migomba. Kuingia nayo kanisani? Thubutu!

Ikaja ruksa ya serikali kuingiza nguo hizo, malori yakaanza kushusha. Ushirika wetu wa ushonaji ulikuwa na cherehani kumi na mbili, mafundi wote wanawake, mwenyekiti ndiye mwanaume peke yake. Tukamuuliza mkutanoni itakuwaje. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mama zangu, nani atakwenda harusini na kafa ulaya? Nyie shoneni."

Tukashona. Haikupita miezi mingi, tukafika kazini asubuhi tukakuta cherehani zetu zimesukumwa ukutani, na juu yake yamepangwa marobota ya nguo, mali ya mwenyekiti. Nikamwambia, "Mwenyekiti, si ndiyo kafa ulaya hizi?"

"Aa, mama, hiyo lugha ya kishamba. Hii ni mitumba. Jina lile linafukuza wateja."

Nimeishia darasa la nne, lakini mtumba naujua. Ni mzigo uliofungwa, basi. Hata majora mapya ya kitambaa chetu yalikuja yamefungwa vilevile. Neno lake lilitaja namna nguo ilivyofungwa, likanyamaza kuhusu aliyeivaa. Woga wa mama yangu ukaisha, aibu ikaisha, na kazi yetu ikaisha pamoja navyo. Sasa mtoto wangu anaona aibu ya sindano ya mama yake.

Lile gauni la lesi nililitambua palepale. Lilikuwa limetundikwa mlangoni pa duka la mwenyekiti wiki nzima.

Mwenyekiti, najua upo Njiro, nyuma ya ukuta na geti. Toka uje Kimandolu, usimame mbele yetu wanawake kumi na wawili, na binti yangu awepo asikie. Siku ile ulipocheka, mzigo wako wa kwanza ulikuwa umeshauagiza, au bado? Na kama ulikuwa umeagiza, kwa nini ulituambia tushone?