Nembo ya Watu Wawili

Kabla ya mashine za kuchapa mabango kufika Lodwar, kuta za mji huu nilizichora mimi. Vinyozi, hoteli, maduka ya dawa za mifugo, hata mbuzi wa bucha ya sokoni aliyekuwa akinishangaza mwenyewe kila nikipita, yote ilikuwa kazi ya brashi yangu. Kisha plastiki ikaingia. Mwenye duka alikuwa akiagiza bango asubuhi, jioni linaning'inia mlangoni, lina picha ya nyama inayong'aa isiyoliwa na mtu yeyote hapa. Kuta zangu zikapakwa chokaa. Mama alitaka niende Kalokol kwa dada yake nikakaushe samaki. Mimi nikapanda gari la Kakuma, maana nilisikia kuna kituo kambini kinachofundisha usanifu wa michoro kwa kompyuta, wenyeji na wakimbizi pamoja.

Mwalimu alikuwa kijana kutoka Nairobi. Siku ya kwanza alisema nembo si urembo, nembo ni kitu ambacho mtu akikiona kwa mbali anajua ni cha nani. Wenzangu wakaandika. Mimi nikacheka.

"Unacheka nini?"

"Kwetu hicho kitu kinachomwa kwenye paja la ngamia kwa chuma cha moto."

Akaniita ubaoni. Nikachora chapa ya ukoo wa baba yangu, nusu duara lililofunguka juu, na mistari miwili chini yake. Niliporudi, mwanamke Mkongo niliyekaa naye akaniinamia sikioni.

"Dada, iko mzuri. Lakini iko uchi. Tuivalishe."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kompyuta zilikuwa chache, kwa hiyo tulitumia moja, yeye na mimi, mabega yamegusana. Alikuwa amekua Uvira kwa mama mshona vitenge, na rangi hakuziogopa. Mimi nilijua nyekundu na nyeusi. Yeye aliweka manjano kando ya zambarau, nami nikasema itapiga kelele.

"Iache ipige."

Jumamosi tulizunguka kambi tukiwa na penseli. Kwa Wasomali tulinakili mizabibu ya hina iliyochorwa kwenye mikono ya bibi harusi. Kwa mama mmoja wa Sudan Kusini tulikaa mchana mzima akitarizi ndege kwenye shuka, sindano inaingia na kutoka huku akituuliza tumeolewa na nani. Katika hoteli ya Waethiopia, watakatifu wenye macho makubwa walitutazama tukinywa kahawa, nasi tukayachora macho yao. Mwenzangu aliomba ruhusa kila mahali. Mtu akikataa, tunafunga daftari, tunasalimia, tunaondoka.

Ilipotangazwa kwamba maonyesho ya utamaduni ya Lodwar yanatafuta nembo, tulikuwa nayo tayari. Chapa ya ukoo wangu ilikuwa katikati, ndege wa shuka wamekaa ndani ya nusu duara, hina inapanda kwenye mistari miwili, na nyuma ya yote ile manjano yake. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, kabla wala baada.

Ikashinda. Mratibu wa maonyesho akaja kutuona, akaitazama kwenye kompyuta yetu.

"Nzuri sana. Ila ina mambo mengi. Mtu atauliza, hii ni ya Waturkana au ni ya wakimbizi?"

"Ni ya wote," nikasema.

"Ya wote haieleweki. Hawa ndege ni wa nini?"

"Wa shuka."

Akacheka. Akasema itapelekwa Nairobi isafishwe kidogo.

"Kwani iko chafu?" mwenzangu akauliza.

Mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali. Mwenzangu aliomba mapema kibali cha kwenda sherehe za Lodwar, akarudi ofisini tena na tena, kila mara akiambiwa bado. Asubuhi ya safari hakikuwa kimetoka. Alinisindikiza stendi akiwa amevaa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya sherehe.

"Nimeshalishona. Siwezi kulificha kwa sanduku."

"Nitataja jina lako," nikamwambia.

"Litaje kwa sauti."

Niliingia ukumbini Lodwar, nikaiona nembo jukwaani, imepanda hadi darini. Ndege hawakuwepo. Hina haikuwepo. Manjano ilikuwa imegeuzwa kahawia. Ilibaki chapa peke yake, na nyuma yake wamebandika ngamia na jua linalozama. Tena waliigeuza juu chini, ili shingo ya ngamia ipate nafasi. Ikiwa hivyo si ya ukoo wowote ninaoujua. Chini yake iliandikwa kazi ya msanii wa Kiturkana. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele na shanga zake zote, akiitazama kwa kichwa kilichoinama upande.

Nikaitwa. Nikashika kipaza sauti, nikawasalimia kwa Kiturkana.

"Ejok."

"Ejok!" ukumbi ukajibu.

"Hii si nembo tuliyochora. Na sikuwa peke yangu, tulikuwa wawili. Mwenzangu yuko Kakuma, hakupewa kibali." Nikalitaja jina lake, lote, kwa sauti.

Mshereheshaji akanipokonya kipaza sauti. "Mpigieni makofi! Oneni alivyo mnyenyekevu!"

Wakapiga. Walipiga kwa furaha kabisa, wengine wakasimama. Nilipomfuata mratibu nyuma ya jukwaa, aliniambia kazi ya darasani ni mali ya mradi unaoendesha kituo. "Na wewe umepata jina," akasema. "Shida iko wapi?"

Kesho yake mwenzangu alinipigia.

"Nimekuona kwa video. Ulipendeza."

"Nilikutaja."

"Video inaanza na makofi."

"Nakuapia, nilikutaja."

Akasema, "Labda ulinitaja."

Hakurudi darasani. Mimi nilimaliza, na leo nimeajiriwa katika duka la uchapishaji Lodwar. Natengeneza ratiba za mazishi na kalenda za wanasiasa, na vijana wa bodaboda wananipita mlangoni wamevaa fulana zenye ile chapa iliyogeuzwa.

Mwaka huu nilimtafuta, nikampata Kalobeyei, makazi ya wakimbizi karibu na Kakuma. Alinipa kiti, akaniwekea chai. Nikafungua simu nikamwonyesha nembo yetu nzima, maana nilikuwa nimeihifadhi. Nikamwambia tuichape wenyewe, kubwa, majina yetu yote mawili chini. Aliitazama sana. Akawakuza wale ndege kwa vidole viwili, akawasogeza, akatafuta manjano yake.

Kisha akaanza kuzungumza Kifaransa. Alizungumza polepole, kwa muda mrefu, akinitazama usoni, na anajua kwamba sijui Kifaransa hata neno moja.

"Niambie kwa Kiswahili," nikamwomba.

"Kwa Kiswahili itakuwa matusi."

Akanirudishia simu. Chai yangu nilikuwa sijainywa hata nusu. Akachukua kikombe, akaimwaga nje kwenye mchanga, akaanza kukiosha.