Mjapani Wangu Alitaka Kuongea Mwenyewe

Mimi Kiingereza nilisoma kidogo tu, halafu nikaolewa. Lakini masikio yangu haikuolewa! Kwa hivyo msichana Mjapani alipokuja kufundisha hesabu kwa shule yetu hapa Uriri, akapanga kanyumba ndani ya boma yangu, nilisikia mara moja vile anaongea. Watu wetu wakisema "important" wanakanyaga pale katikati, wanakaa hapo kidogo, halafu wanateleza. Huyu hakanyagi. Anainua sauti tu, kama mtu anaruka matope, na kila kipande anakipimia sawa: im-po-ta-n-to. Kama kuku anadonoa mahindi, moja moja. Mimi nilipenda sana!

Siku ya wazazi ikakaribia, na yeye alikuwa anarudi kwao. Alitaka kuaga watoto kwa Kiingereza, na mdomo yake mwenyewe. Naibu wa mwalimu mkuu akaja kwangu.

"Mama, mwambie aandike tu, mtoto mmoja atasoma. Akisoma yeye, watu watacheka."

"Wacheke. Wewe ukienda Japani, nani atakuongelea?"

Akamaliza chai yangu, akaenda.

Jioni tukajaribu kusoma hotuba yake. Nikamshika bega, akifika pa kukanyaga, nafinya. Yeye anapaza sauti. Nafinya tena, anapaza zaidi, mpaka mbuzi zikatoka mbio. Tukacheka!

"Dani," akaniita, vile wajukuu wangu huniita, "sauti yangu inakataa kushuka."

"Basi ikae huko juu, nyathina, mtoto wangu. Kwani itaanguka?"

Siku yenyewe, alianza tu, watoto wakaanza kuchekelea, hata wazazi wengine. Akashusha karatasi yake. Naibu akanyoosha mkono achukue maiki.

Sasa, sisi Wajaluo tuko na pakruok: kwa sherehe mtu anaweza simamisha kila kitu ajisifu, na hakuna wa kumkatiza. Nikasimama.

"Ngojeni hapo! Mimi nyar Lambwe, msichana wa Lambwe, ng'ombe yangu haiombi mtu ruhusa ya kunywa maji! Huyu ni mgeni wangu. Hiyo sauti ni ya kwao, hajaiba kwa mtu!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mkono ya naibu bado iko hewani. Msichana akavuta maiki kwa kifua.

"Bado," akamwambia. "Sijamaliza."

Akasoma mpaka mwisho vile vile, kila kipande sawa, hakuruka hata kimoja. Mimi nilielewa tu pale pa kushukuru, lakini nilipiga makofi kila mahali.